Mnyororo na sproketi za pikipiki kuukuu: Sababu ya kubadilishwa pamoja, na namna ya kuifanya kazi hiyo

KATIKA sehemu nyingi za nchi ambako lami haijafika, pikipiki kuukuu ndiyo gari la daktari wa mifugo, la mhudumu wa afya anayebeba chanjo katika sanduku la barafu, la chifu na la mwalimu. Nyingi kati ya hizo ni za aina iliyoundwa kwa ajili ya mashamba na nyika, kama vile Yamaha AG100, Yamaha DT na Honda XL. Zina matairi yenye meno makubwa, springi ndefu, na injini ndogo isiyokuwa na makuu. Injini hizo huweza kudumu miaka mingi iwapo oili itabadilishwa kwa wakati. Mara nyingi kinachowaacha wenyewe njiani ni sehemu tatu zilizo nje ya injini, zinazolowa tope na kumeza mchanga kila siku: mnyororo, sproketi ya mbele na sproketi ya nyuma.

Makala haya yanaeleza jinsi sehemu hizo zinavyofanya kazi, jinsi zinavyolika, dalili za uchakavu wake, na hatua za kuzibadilisha. Hoja yake kuu ni moja. Sehemu hizo tatu zina majina matatu, lakini ni kitu kimoja. Huzeeka pamoja, na inafaa zibadilishwe pamoja. Anayenunua mnyororo mpya na kuuweka juu ya meno yaliyolika hupoteza fedha zake, na huenda akapoteza zaidi ya fedha.

Kazi ya mnyororo

Nguvu ya injini hupitia katika gia na kutokea, mara nyingi upande wa kushoto, kwenye mhimili mfupi unaochomoza nje ya sanduku la gia. Juu ya mhimili huo hukaa sproketi ya mbele, gurudumu dogo la chuma lenye meno. Sproketi ya nyuma, iliyo kubwa, imefungwa kwenye kitovu cha gurudumu la nyuma. Kati ya hizo mbili hupita mnyororo, ambao mafundi wengi huuita cheni.

Sproketi ya mbele ikiwa na meno 15 na ya nyuma meno 45, ile ya mbele huzunguka mara tatu ili gurudumu lizunguke mara moja. Maana yake ni kwamba kila jino la mbele hufanya kazi mara tatu ya jino la nyuma. Ndiyo maana sproketi ya mbele hulika kwanza, ijapokuwa wengi huitazama ile ya nyuma tu kwa kuwa ndiyo iliyo wazi machoni.

Mnyororo wa aina hii si uvumbuzi wa jana. Hans Renold, mhandisi mzaliwa wa Uswisi aliyefanya kazi mjini Manchester, Uingereza, ndiye aliyeuvumbua mwaka 1880, na umbo lake halijabadilika sana tangu wakati huo. Una vibamba vya pembeni, pini zinazoviunganisha, bushi zinazozizunguka pini, na rola zinazozizunguka bushi. Rola ndiyo inayokutana na jino la sproketi, nayo huviringika badala ya kukwaruza. Lakini ndani, mahali pasipoonekana, pini na bushi husuguana kila mara mnyororo unapokunjika kuingia kwenye sproketi na unaponyooka kutoka. Hapo ndipo uchakavu unapoanzia.

Mnyororo haurefuki kwa kuvutwa

Watu husema mnyororo "umevutika", kana kwamba ni kamba ya mpira. Kwa kweli vibamba vya chuma havijavutika kwa kiasi cha kuhesabika. Kilichotokea ni kwamba pini imelika kidogo, bushi nayo imelika kidogo, na pengo likazuka kati yake. Haba na haba hujaza kibaba. Mnyororo wenye hatua 120, ambapo hatua ni umbali kutoka kitovu cha pini moja hadi kitovu cha pini inayofuata, ukilika sehemu ya kumi tu ya milimita katika kila kiungo, utaongezeka urefu kwa milimita 12. Huo ni karibu urefu wa hatua nzima, kwa maana katika minyororo ya pikipiki ndogo hatua moja ni milimita 12.7.

Sasa fikiria meno ya sproketi. Yalichongwa ili yapokee rola kila baada ya milimita 12.7. Mnyororo uliorefuka haukai tena vizuri katika mabonde ya meno, bali hupanda juu kuelekea ncha. Mzigo ambao ungegawanywa baina ya meno mengi huangukia machache. Meno hayo huanza kuchimbika upande mmoja na kuinama kama kulabu au pezi la papa. Mnyororo mbovu, kwa hivyo, huyachonga meno upya kwa kipimo chake mbovu.

Kinyume chake pia ni kweli. Ukiweka mnyororo mpya juu ya meno yaliyokwisha kuchongwa vibaya, rola zake zitagongana na ncha za meno badala ya kutulia katika mabonde, na pini na bushi mpya zitabeba mzigo bila usawa. Mnyororo huo utazeeka kabla ya wakati wake. Hii ndiyo sababu ya kuzinunua sehemu tatu kwa mara moja. Ni kanuni itokanayo na vipimo vya chuma, wala si hila ya wenye maduka ya kuuza vipuri.

Dalili za uchakavu

Dalili ya kwanza ni sauti. Mnyororo mzima hutoa mvumo wa chini ulio sawa, ilhali uliochakaa hulia kwa mikwaruzo na mara nyingine hugonga mkono wa chuma unaoshika gurudumu la nyuma. Dalili ya pili ni mshtuko. Dereva anapoongeza au kupunguza mafuta, pikipiki huruka kidogo kabla ya kutii. Dalili ya tatu ni kukazwa mara kwa mara. Mnyororo unaohitaji kukazwa kila wiki, au ambao virekebishi vyake vimefika mwisho wa nafasi yake, umekwisha muda wake.

Zipo dalili nyingine zinazoonekana kwa macho na kusikika kwa vidole. Zima injini, toa ufunguo, weka gia huru, kisha inua gurudumu la nyuma kwa stendi au gogo. Zungusha gurudumu kwa mkono polepole. Mnyororo ukilegea mahali pamoja na kukaza mahali pengine, umelika bila usawa. Viungo vinavyobaki vimekunjika baada ya kutoka kwenye sproketi vimeota kutu ndani. Shika mnyororo na kuuyumbisha kando. Ukipinda sana kama nyoka, bushi zimelegea.

Jaribio linalopendwa na mafundi ni la kuvuta. Shika mnyororo katikati ya ukingo wa nyuma wa sproketi kubwa, mahali ulipo mbali kabisa na injini, na uuvute kuelekea nyuma. Mnyororo mzima hung'ang'ania meno. Ukiachana na sproketi kiasi cha kuonyesha nusu ya jino au zaidi, hakuna haja ya ushahidi mwingine.

Kupima kwa rula

Asiyetaka kubahatisha na apime. Namba iliyogongwa kwenye vibamba vya mnyororo ndiyo inayoeleza kipimo chake. Tarakimu ya kwanza hutaja urefu wa hatua kwa sehemu za nane za inchi. Mnyororo wa 428 una hatua ya nusu inchi, yaani milimita 12.7, na ule wa 520 una hatua ya milimita 15.875. Tarakimu mbili zinazofuata huhusu upana wa ndani, mahali jino linapoingia. Upana huo ni takriban milimita 7.9 kwa 428, na milimita 6.35 kwa 520. Herufi H inayofuata namba, kama katika 428H, huonyesha kuwa vibamba ni vinene zaidi.

Safisha mnyororo, uvute unyooke, kisha pima hatua 20 kutoka kitovu cha pini ya kwanza hadi kitovu cha pini ya 21. Katika mnyororo mpya wa 428 utapata milimita 254. Ukipata milimita 256.5, umerefuka kwa asilimia 1 na ni wakati wa kuanza kutafuta vipuri. Ukipata milimita 259, umerefuka kwa asilimia 2 na haufai tena kusafiria. Kwa mnyororo wa 520, hatua 20 mpya ni milimita 317.5, na asilimia 2 hufikiwa karibu na milimita 324. Pima mahali patatu au pane, na uchukue kipimo kirefu kuliko vyote. Iwapo kitabu cha pikipiki yako kimetaja kikomo kilicho kidogo zaidi, fuata kitabu.

Wenye AG100 wana jambo la ziada la kukumbuka. Mnyororo wa pikipiki hiyo umefunikwa wote kwa kasha, na hiyo ni hifadhi kubwa dhidi ya tope na mchanga. Hata hivyo kisichoonekana husahaulika. Kasha huuchelewesha uchakavu lakini haliuzuii, na mnyororo unaweza kukauka humo ndani bila ya mwenyewe kujua. Kasha lina budi kufunguliwa na mnyororo kukaguliwa kama mwingine wowote.

Tiba zisizotibu

Katika karakana nyingi za kando ya barabara kuna tiba mbili zinazotolewa kwa bei nafuu. Ya kwanza ni kukata sehemu ya mnyororo ili uwe mfupi. Urefu wa jumla hurudi kuwa sawa, na mwenye pikipiki huondoka ameridhika. Lakini ubovu haukuwa katika urefu wa jumla. Ulikuwa katika kila hatua, na hatua zilizobaki zingali ndefu kama zilivyokuwa. Meno huendelea kutafunwa, na pini zilizokonda huendelea kukonda.

Tiba ya pili ni kuigeuza sproketi ya nyuma ili meno yavutwe upande ambao haujalika. Katika dharura, mbali na duka lolote, hila hiyo yaweza kumfikisha mtu nyumbani iwapo sproketi ina umbo sawa pande zote mbili. Kuifanya kuwa ukarabati wa kudumu ni kujidanganya, kwa kuwa mabonde ya meno yamekwisha kupanuka. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi.

Hatari yenyewe si ya kubezwa. Mnyororo unaokatika pikipiki ikiwa mwendoni unaweza kujikusanya mbele na kupasua kasha la injini, nalo ni kipuri ghali na kigumu kupatikana kwa pikipiki ya zamani. Unaweza pia kujisokota kwenye gurudumu na kulifunga ghafla. Kwa dereva aliyebeba abiria mteremkoni, hilo ni suala la uhai.

Kununua vipuri vya pikipiki ya zamani

Ugumu wa pikipiki kuukuu ni kwamba huenda aina yake imekoma kuundwa, au imepitia mikono mingi na kubadilishwa vipimo. Kwa hiyo usiende dukani na jina la pikipiki pekee. Nenda na sproketi zako za zamani mkononi, iwe ni Kirinyaga Road jijini Nairobi au duka la mji ulio karibu nawe, uziweke juu ya zile mpya na kulinganisha.

Katika sproketi ya mbele, hesabu meno ya nje, kisha hesabu mifereji ya ndani inayoshika mhimili. Mifereji ikizidi au kupungua hata mmoja, haitaingia. Angalia pia iwapo upande mmoja umeinuka kuliko mwingine, maana mwinuko huo ndio unaoiweka sproketi katika mstari mmoja na ile ya nyuma. Katika sproketi ya nyuma, linganisha idadi ya meno, upana wa tundu la katikati, idadi ya matundu ya bolti, na umbali kati ya matundu hayo. Unene wa meno ulingane na upana wa mnyororo. Mnyororo wa 420 na wa 428 una hatua ileile, lakini ule wa 420 ni mwembamba na hautakaa kwenye meno ya 428. Wa 428 nao ukiwekwa kwenye meno ya 420 utayumba kando.

Wapo wanaopenda kubadilisha idadi ya meno ili pikipiki ipande milima kwa urahisi. Ukipunguza jino moja mbele, kutoka 15 hadi 14, uwiano wake na meno 45 ya nyuma hupanda kutoka 3.0 hadi takriban 3.2. Ni karibu sawa na kuongeza meno matatu nyuma. Nguvu ya kupanda huongezeka, lakini kasi hupungua na injini huzunguka zaidi barabarani. Tena sproketi ya mbele iliyo ndogo mno huukunja mnyororo kwa pembe kali na kuuchakaza upesi. Anayefanya badiliko hilo na aongozwe na njia anazopita kila siku, si na mlima mmoja anaoupanda mara moja kwa mwaka.

Jihadhari na vipuri ghushi. Mnyororo usiokuwa na namba ya kipimo wala jina la mtengenezaji kwenye vibamba vyake, ulioviringishwa kwenye karatasi isiyokuwa na maandishi, hauna wa kuuwajibikia. Angalia alama ya Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS) kwenye pakiti, na udai risiti. Minyororo yenye pete za mpira zinazofungia grisi ndani ya bushi hudumu zaidi na bei yake ni ya juu. Kabla ya kuununua, hakikisha kwamba una nafasi ya kupita, kwa kuwa huwa mpana kuliko ule wa kawaida.

Kazi yenyewe, hatua kwa hatua

Vifaa vinavyohitajika ni spana za kutosha, koleo, nyundo, tindo, brashi, mafuta ya taa, vitambaa, na gogo au kreti la kuinulia gurudumu. Zima injini na utoe ufunguo kabla ya kuanza. Vidole vingi vimepotea kati ya mnyororo na sproketi kwa sababu mtu alisafisha au kupaka mafuta injini ikiwa inanguruma. Kila mzunguko katika kazi hii hufanywa kwa mkono.

Kwanza, fungua kifuniko cha sproketi ya mbele na uondoe tope lililogandamana humo. Katika pikipiki nyingi ndogo, sproketi hiyo hushikwa na kibamba chenye bolti mbili. Katika nyingine hushikwa na nati moja kubwa yenye washa ambayo ukingo wake umekunjwa. Kunjua ukingo huo kwa tindo, kisha legeza nati au bolti wakati mnyororo wa zamani ungali umefungwa, huku mtu mwingine akikanyaga breki ya nyuma. Siri ya kazi nzima imo katika mpangilio huu. Ukishauondoa mnyororo, mhimili utazunguka bure na nati haitakubali kulegea.

Pili, inua gurudumu, weka gia huru, na utafute kiungo cha kuunganishia, ambacho kina klipu. Iondoe klipu kwa koleo, chomoa kiungo, na uuvute mnyororo nje. Iwapo hauna klipu bali pini zote zimegongwa vichwa, saga vichwa vya pini mbili kwa tupa au mashine ya kusagia, kisha zisukume nje. Toa sproketi ya mbele. Kagua mpira unaozuia oili nyuma yake. Ukivuja, huu ndio wakati wa kuubadilisha. Usiigonge sproketi kwa nyundo kuelekea ndani, kwa sababu pigo hilo huenda moja kwa moja kwenye beringi za sanduku la gia.

Tatu, legeza nati ya ekseli ya nyuma na uondoe gurudumu. Kunjua washa za kufungia na ufungue bolti za sproketi. Kabla ya kufunga mpya, kagua beringi za gurudumu na vipande vya mpira vilivyo ndani ya kitovu, kwa pikipiki zilizo navyo. Vikiwa vimesagika, mnyororo mpya utapokea mishtuko yote. Safisha sehemu ya kukalia sproketi hadi chuma kionekane, maana punje ya mchanga iliyobaki hapo huipindisha sproketi. Funga bolti kwa zamu, moja na ile inayokabiliana nayo, hadi zote zikaze sawasawa, kisha kunja washa mpya.

Nne, rudisha gurudumu na uweke sproketi ya mbele. Rudisha virekebishi karibu na mwanzo wa nafasi yake, ili mnyororo uwe na mahali pa kukazwa siku zijazo. Uzungushe mnyororo mpya kwenye sproketi zote mbili na uone unapokutana. Ukiwa mrefu, ukate mahali panapofaa. Kumbuka kwamba idadi ya hatua lazima iwe shufwa, kwa sababu kiungo cha kuunganishia huhitaji ncha mbili zinazofanana. Usikate kwa kuhesabu mnyororo wa zamani peke yake iwapo umebadilisha idadi ya meno. Pima mara mbili, kata mara moja.

Tano, funga kwa kiungo kipya cha kuunganishia. Usitumie tena kile cha zamani. Klipu ina upande uliofungwa na upande ulio wazi. Ule uliofungwa ndio unaotangulia kuelekea mwendo wa mnyororo, yaani mbele kwa sehemu ya juu ya mnyororo. Ikiwekwa kinyume, jiwe au kijiti kinaweza kuing'oa. Sasa weka breki na ukaze kabisa nati au bolti za sproketi ya mbele, kisha kunja ukingo wa washa.

Kukaza na kunyoosha

Mnyororo uliokazwa kupita kiasi ni mbaya kuliko uliolegea kidogo. Pikipiki inapobebeshwa mzigo, gurudumu la nyuma hupanda na kushuka, na umbali kati ya sproketi mbili hubadilika. Mnyororo huwa umekaza zaidi pale ambapo ekseli ya nyuma, bawaba ya mkono wa gurudumu na sproketi ya mbele zimekaa katika mstari mmoja. Usipouachia nafasi ya kutosha, utazivuta beringi za gurudumu na za sanduku la gia kila unaporuka tuta.

Kwa kawaida pikipiki za barabarani huachiwa uchezaji wa milimita 20 hadi 30 katikati ya sehemu ya chini ya mnyororo. Zile za nyikani zenye springi ndefu huhitaji zaidi, mara nyingi milimita 30 hadi 45. Kitabu cha pikipiki ndicho mwamuzi wa mwisho. Pima mahali ambapo mnyororo umekaza kuliko kwingine, si pale ulipolegea.

Alama zilizochorwa kwenye mikono ya pikipiki kuukuu haziaminiki daima, kwa kuwa huenda mkono umewahi kupinda. Funga uzi nyuma ya tairi la nyuma na uuvute hadi mbele kwa pande zote mbili. Gurudumu la mbele likinyooshwa, nafasi kati ya tairi lake na uzi iwe sawa kulia na kushoto. Kisha chungulia kutoka nyuma, sambamba na mnyororo. Inapasa uende moja kwa moja bila kupinda. Kaza nati ya ekseli, weka pini mpya ya miguu miwili kama ipo nafasi yake, na upime uchezaji tena, kwa maana mara nyingi hubadilika nati inapokazwa. Rekebisha breki ya nyuma na uijaribu kabla ya kuondoka.

Mnyororo mpya hulegea kidogo katika siku zake za mwanzo. Ukague baada ya kilomita 100 au 200, na bolti za sproketi uzikague vilevile.

Kuutunza uishi

Adui wa mnyororo ni ukavu, maji na mchanga. Usafishe kwa mafuta ya taa na brashi laini. Petroli si dawa, kwani huharibu pete za mpira na ni rahisi kushika moto. Baada ya kuufuta ukauke, paka oili nzito ya gia upande wa ndani wa sehemu ya chini, polepole huku ukizungusha gurudumu kwa mkono. Wakati unaofaa ni baada ya safari, mnyororo ukiwa bado una joto, ili oili iingie ndani na kutulia usiku kucha. Futa inayobaki juu. Oili nyingi ya nje hunasa mchanga, na mchanga uliochanganyika na oili huwa msasa.

Oili chafu iliyotolewa kwenye injini hupendwa kwa kuwa haigharimu kitu. Lakini hubeba masizi na vumbi la chuma lililotokana na uchakavu wa injini yenyewe, navyo haviifai bushi hata kidogo. Anayepita kwenye mchanga wa Turkana au tope jeusi la msimu wa mvua na autunze mnyororo mara nyingi kuliko anayepita kwenye lami, na daima baada ya kuvuka mto.

Gharama ya kuchelewa

Mwishoni mwa miaka ya 1980, mwendeshaji wa pikipiki za mashindano Randy Mamola wa Marekani na mwanahabari Barry Coleman wa Uingereza walizuru Somalia na kukuta vyombo vya usafiri vya huduma za afya vimetupwa kwa kukosa matengenezo ya kawaida. Kutokana na waliyoyaona lilizaliwa shirika la Riders for Health, ambalo lilijijengea jina katika nchi kadhaa za Afrika kwa kanuni nyepesi: kipuri hubadilishwa kwa ratiba, kabla hakijakatika. Waligundua kwamba kununua pikipiki ni jambo moja, na kuifanya imfikishe mhudumu kijijini mwaka baada ya mwaka ni jambo jingine.

Kanuni hiyo haihitaji shirika. Yahitaji rula, daftari na nidhamu. Andika tarehe na kilomita siku unapofunga mnyororo na sproketi mpya, upime kila mwezi, na utenge fedha kidogo kidogo ili siku asilimia 1 itakapofika usilazimike kuchagua kati ya sehemu moja na tatu. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mnyororo na sproketi zake ni ufa unaoonekana mapema na kuzibwa kwa mchana mmoja. Kasha la injini lililopasuka, au chanjo iliyoharibika kwa joto njiani huku mama wanasubiri zahanati, ni ukuta.